Uvimbe mwekundu kwenye ufizi: usubiri, ukatwe kwa kisu, au utafute leza?

Mama mmoja kutoka Mpunguzi aliingia chumbani kwangu msimu wa kuchuma zabibu, mimba ya miezi sita, kanga kaifunga juu ya tumbo. Alipofungua kinywa nilikiona kabla hata sijavuta taa: kinyama chekundu kinachong'aa, kimechomoza kati ya meno mawili ya mbele ya juu, ukubwa wa punje ya zabibu ambayo haijajaa maji. Nilikigusa kidogo tu kwa ukingo wa kioo, damu ikachuruzika hadi mdomo wa chini. Hakusikia maumivu yoyote.

"Kila nikipiga mswaki, maji ya beseni yanageuka mekundu," akasema. Kisha akauliza: "Dokta, nikikate sasa hivi au nisubiri mpaka nijifungue?"

Ushauri alikuwa nao wa kutosha. Jirani alimwambia ni kansa. Wifi yake alisema ni jipu, litumbuliwe. Kwenye duka la dawa walimuuzia vidonge vya rangi mbili, akameza siku tano, kinyama kikabaki palepale. Mama mkwe alikuwa ameshaandaa uzi.

Mimi ni tabibu wa meno hapa Dodoma, na uvimbe wa namna hii uliniota mimi mwenyewe katika mimba yangu ya pili. Kwa hiyo hofu ya yule mama naijua kwa ulimi wangu, maana usiku mzima ulimi hauachi kukigusa. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye nacho sasa hivi na anataka kujua afanye lipi kati ya yale anayoambiwa.

Ni kitu gani hasa

Vitabuni huitwa granuloma payojeniki. Jina hilo limepotosha watu tangu lilipotolewa, kwa sababu maana yake ni uvimbe unaotoa usaha, na ndani yake usaha haumo. Wafaransa wawili, Poncet na Dor, walipouelezea kwa binadamu mwaka 1897 walidhani ni kuvu waliotoka kwa farasi. Mwaka 1904 Hartzell wa Marekani akaupa jina hili la usaha. Tunachokijua leo ni kwamba ni mishipa midogomidogo ya damu iliyochipuka kwa wingi kupita kiasi, mahali ambapo ufizi, mdomo au ulimi ulikuwa ukichokozwa. Si kansa, haugeuki kuwa kansa, na hauambukizi. Vidonge vya rangi mbili haviuwezi kwa sababu hakuna kijidudu cha kuua.

Karibu robo tatu ya uvimbe huu, unapotokea kinywani, huota kwenye ufizi, hasa wa juu mbele. Mchokozi mkubwa ni ugaga, ule ukoko mgumu unaoganda shingoni mwa jino. Wengine ni jino lililozibwa vibaya likaacha ukingo mkali, njiti za kuchokolea nyama choma, na ganda la punje ya hindi la kuchoma lililojichomeka chini ya ufizi likasahaulika. Mimba yenyewe haiuanzishi uvimbe huu kutoka hewani. Homoni za mimba huifanya mishipa ya ufizi ilipuke kwa uchokozi mdogo ambao siku nyingine ingeuvumilia. Makadirio ya tafiti huenda hadi wajawazito 5 kati ya 100, na wengi huuona kuanzia mwezi wa nne kuendelea.

Kabla hujachagua, hakikisha ndio wenyewe

Hapa sitanii na mtu. Ulinganisho wote unaofuata una maana ikiwa tu uvimbe ni huu tunaouzungumzia, na vipo vinavyofanana nao.

Jipu la jino huuma, lina usaha, na jino la chini yake huwa limeoza au limekufa. Uvimbe wetu hauumi, na jino lililo karibu mara nyingi ni zima. Kuna uvimbe mwingine wa ufizi wenye rangi ya zambarau inayoelekea bluu, wenye seli kubwa ndani yake, ambao huweza kula mfupa kidogo. Huo hutambuliwa kwa picha ya eksirei na maabara. Halafu kuna sakoma ya Kaposi, aina ya kansa ambayo kwa nchi yetu hatuwezi kuisahau. Huanza kama baka au kinundu cha zambarau, mara nyingi kwenye paa la kinywa au ufizi wa juu, zaidi kwa mtu mwenye maambukizi ya VVU ambaye hajaanza dawa au dawa hazimkai sawa. Daktari akikuomba upime VVU kwa sababu ya uvimbe kinywani, usione amekudharau. Anataka kujua anakata nini.

Na mtoto mchanga mwenye alama nyekundu mdomoni au ulimini iliyojitokeza wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa, hiyo huwa ni hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu wa watoto wachanga, habari nyingine kabisa. Ukiibonyeza kwa kipande cha kioo hupauka, ukiachia hurudi nyekundu. Hukua haraka miezi ya mwanzo kisha husinyaa yenyewe kwa miaka. Zinazosumbua hutibiwa kwa propranololi, dawa ya moyo ambayo madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waligundua mwaka 2008 kwamba huisinyaza. Mtoto wa namna hiyo mpeleke kwa daktari wa watoto, na asikatwe na mtu yeyote mtaani.

Ukiona meno yanalegea bila ugaga wa maana, kidonda kisichopona zaidi ya wiki mbili, ganzi ya mdomo isiyoeleweka, au matezi magumu shingoni, acha kusoma ulinganisho huu uende hospitali wiki hiihii.

Mjamzito: kusubiri dhidi ya kukata sasa

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama.

Kusubiri kuna faida moja kubwa: baada ya kujifungua homoni hushuka, na uvimbe mwingi husinyaa. Mwingine hutoweka kabisa, mwingine hubakiza kinundu kidogo kigumu cha rangi ya ufizi, ambacho kukikata baadaye ni kazi nyepesi na damu yake ni kidogo. Kukata katikati ya mimba kuna hasara iliyo kinyume chake. Homoni bado ziko juu, kwa hiyo uvimbe una nafasi kubwa zaidi ya kurudi kabla hata hujajifungua, na utakuwa umekaa kwenye kiti mara mbili.

Lakini kusubiri ninakokusema mimi si kukaa tu. Nimeona wengi walioambiwa "subiri" bila kuambiwa lingine. Mama anaona damu, anaogopa, anaacha kupiga mswaki upande ule. Utando unarundikana, ufizi unachokozwa zaidi, uvimbe unakua, damu inaongezeka, na yeye anazidi kuogopa. Kusubiri kwa kweli kunaanza na kukwanguliwa ugaga vizuri, ikiwemo uliojificha chini ya ufizi, kazi ambayo ni salama katika mimba. Kisha mswaki laini mara mbili kwa siku, palepale panapotoka damu, taratibu. Anayetumia mswaki wa mti, kama wengi wetu huku, autafune ncha mpaka ilainike kabisa. Ncha ngumu ya kijiti hutoboa ufizi. Na njiti zikae mbali.

Kwangu mimi kukwanguliwa ugaga katika mwezi wa sita kulipunguza damu ndani ya siku kumi hivi. Kinyama hakikupotea, lakini kilitulia, nikaweza kula.

Lini basi ukate ukiwa na mimba? Mimi huangalia mambo matatu. Kwanza, damu: kama inatoka kila siku hata bila kuguswa, na kadi ya kliniki inaonyesha wingi wa damu umeshuka, siwezi kumwambia mama aendelee kuvuja kidogokidogo miezi mitatu. Pili, kula: uvimbe unaong'atwa na meno ya chini kila anapofunga kinywa hauna sababu ya kuvumiliwa, maana mama asiyekula ni watu wawili wasiokula. Tatu, mashaka: kama sura ya uvimbe hainipi uhakika, nachukua sampuli, mimba au si mimba.

Ikibidi kukata, wakati mzuri ni kati ya wiki ya 14 na ya 27. Sindano ya ganzi aina ya lignokaini, hata ile yenye adrenalini kidogo, hutumika kwa mjamzito. Mimba ikishakuwa kubwa, usikubali kulazwa chali kabisa kwenye kiti. Tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, mama akasikia kizunguzungu. Mwombe mhudumu aweke mto mdogo chini ya nyonga ya kulia ulale ukielekea kushoto. Kwa maumivu baadaye ni parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni mjamzito azikwepe, hasa miezi ya mwisho, hata kama nyumbani zipo kwenye droo.

Msimamo wangu, basi: damu ya kwenye mswaki tu, mama anakula, sura ya uvimbe haina shaka, namshauri asubiri kwa ile maana niliyoeleza. Vinginevyo akate, na ajue mapema kwamba unaweza kurudi.

Huna mimba: chombo gani?

Mwanaume, kijana, bibi, au mama aliyekwishajifungua na uvimbe umebaki: hapa kusubiri hakuna cha kungojea. Kinachobaki ni njia ya kuutoa.

Kisu cha kawaida cha upasuaji bado ndicho ninachokitanguliza, na sababu si mazoea tu. Ganzi inachomwa, uvimbe unakatwa pamoja na ukingo wa milimita 2 hivi wa nyama nzima kuuzunguka, na kama uko kwenye ufizi unatolewa hadi kwenye utando unaofunika mfupa. Jino la jirani linakwanguliwa palepale, wakati mizizi inaonekana. Kazi nzima huwa kama nusu saa. Nyama inaingia kwenye kichupa chenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuizuia isioze, ikiogelea kwenye dawa hiyo ya angalau mara kumi ya ukubwa wake, na kwenda maabara ya patholojia, inakosomwa kwa darubini, ikiwa nzima, kingo zake zikisomeka vizuri. Huo ndio ushindi wa kisu. Udhaifu wake ni damu. Uvimbe huu ni mishipa mitupu, na dakika za mwanzo zinahitaji mkono uliotulia, gozi ya kutosha na mgonjwa aliyeelezwa mapema asishtuke. Udhaifu wa pili hausemwi sana: kwenye meno ya mbele, ufizi uliokatwa hupona ukiwa umepanda kidogo, na jino huonekana refu kuliko mwenzake. Ukiwa mtu wa kusimama mbele ya watu, uliza hilo kabla.

Leza inashinda kwenye damu. Hukata huku ikiziba mishipa, mara nyingi haihitaji nyuzi, na kuvimba baada ya kazi ni kidogo. Kwa mtu anayetumia dawa za kulainisha damu kama warfarini, au uvimbe ulio kwenye mdomo au ulimi ambako damu husumbua, leza mikononi mwa aliyefundishwa ni chaguo zuri sana. Hata hivyo, joto lake hubabua kingo za nyama, na kama uvimbe ni mdogo sana mtaalamu wa patholojia hubaki na kipande kisichosomeka sawasawa. Pia haipo kila mahali, na bei yake iko juu. Treni ya SGR imefupisha safari ya Dar es Salaam tangu 2024, na wapo wanaoniuliza kama waende huko kuifuata. Kwa kinundu cha ufizi cha ukubwa wa harage, jibu langu ni hapana. Nauli hiyo itakusaidia zaidi ukiitumia kukwanguliwa meno yote.

Kuunguza kwa umeme kunafanana na leza kwa kuzuia damu, na mashine yake ni rahisi kupatikana. Tatizo ni joto karibu na jino na mfupa. Mkono ukikaa sekunde chache zaidi, mfupa unaumia. Kwenye mdomo sawa, kwenye ufizi nasita. Mwenye betri ya moyo aseme kabla mashine haijawashwa.

Kugandisha kwa nitrojeni baridi, ambayo joto lake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, na kuchoma sindano ya dawa ya kusinyaza mishipa ni njia ambazo hazihitaji kisu, na watu huzipenda kwa hilo tu. Zote mbili zinaweza kutaka kurudi mara kadhaa, na zote mbili huangamiza uvimbe bila kuacha kitu cha kupeleka maabara, isipokuwa sampuli ichukuliwe kwanza. Kwa mtu anayetoka Kibakwe au Kondoa vijijini, safari tatu ni mzigo. Sindano hizo mjamzito hazimhusu.

Uzi, wembe na dawa ya kuunguza

Nazilinganisha kwa sababu zinatumika, na wanaozitumia ni watu wanaotupenda. Mama mkwe wa yule mama alikuja naye siku ya pili. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akanieleza kwa utulivu kwamba uzi ukifungwa shinani, kinyama hukauka na kudondoka chenyewe. Amewahi kuona ikitokea kwa chunjua ya shingoni.

Sikumbishia kuhusu chunjua. Nilimshikisha kioo, nikamwonyesha kwamba kinyama hiki shina lake halining'inii. Limekaa kwa upana kati ya meno mawili na kushuka ndani. Uzi utabana sehemu ya juu tu. Kitakachodondoka ni kichwa, mizizi itabaki, na usiku uzi ukikata nyama damu itatoka nyumbani, mbali na hospitali, kwa mtu mwenye mimba. Aliangalia muda mrefu. "Kumbe kimeota kama kisiki," akasema, na uzi ukarudi kwenye pochi.

Wembe una hatari hizohizo, pamoja na maambukizi. Zile dawa za maji za kuunguzia chunjua, zinazouzwa kwenye meza za dawa sokoni, zikigusa ufizi huacha kidonda kinachofunua mzizi wa jino. Hizi sizipi hata nafasi ya tatu.

Kwa nini hurudi

Kijana mmoja fundi pikipiki alikuja na uvimbe kwenye ufizi wa chini. Alikuwa ameshakatwa miezi miwili kabla, kliniki fulani ya mjini, kwa mashine nzuri na kwa pesa nyingi. Uvimbe ulirudi mahali palepale. Nilipoangalia, nyuma ya meno yake ya mbele ugaga ulikuwa umejenga ukuta mzima, wa kahawia, ambao hakuna aliyeugusa. Nyama iliyokatwa mara ya kwanza haikupelekwa popote, kwa hiyo kwa miezi miwili hakuna aliyejua kwa hakika ilikuwa nini. Hilo liliniuma kuliko uvimbe wenyewe. Tulikata upya kwa kisu, tukakwangua, tukapeleka nyama maabara. Majibu yalirudi: granuloma payojeniki, hakuna zaidi.

Tafiti zimetaja kurudi kwa hadi watu 16 hivi kati ya 100 baada ya kukatwa. Kwa hiyo unapolinganisha kliniki, iwe ya mtaani kwako, hospitali ya wilaya, au hospitali kubwa za hapa Dodoma kama General na Benjamin Mkapa, usiulize kwanza kama wana leza. Uliza: mtakwangua ugaga siku hiyohiyo? Mtafika shinani? Nyama itaenda maabara, na majibu nitayafuata lini? Kisu kilichoambatana na majibu mazuri ya maswali hayo matatu nakichagua mbele ya leza isiyo nayo.

Baada ya kukatwa, kwa njia yoyote, damu ikirudi nyumbani: kunja gozi safi au kitambaa safi kilicholowa, ng'ata kwa nguvu dakika 20 kamili ukiangalia saa, bila kuchungulia. Wengi huchungulia baada ya dakika tatu, wakaondoa donge la damu lililokuwa limeanza kuziba. Usisukutue siku ya kwanza. Kuanzia ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Uji uliopoa, mlenda na ugali laini vinatosha siku mbili tatu. Pilipili na karanga za kukaanga zisubiri. Dakika 20 mbili zikipita na damu bado inatiririka, rudi ulikokatwa au nenda hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku.

Yule mama wa Mpunguzi alichagua kusubiri. Wingi wa damu yake ulikuwa mzuri, ugali alikuwa anakula. Nilimkwangua meno kwa awamu mbili, mto chini ya nyonga, na nilimwona tena mwezi wa nane wa mimba, kinyama kikiwa kilekile ila hakitoi damu ovyo. Alirudi mtoto akiwa na miezi mitatu, kamfunga mgongoni, amelala. Pale palipokuwa na zabibu palibaki kitu cha ukubwa wa punje ya uwele, rangi ya ufizi wa kawaida. Nilimuuliza kama anataka nikiondoe. Akakipitisha ulimi, akafikiri, akatikisa kichwa. Nikasafisha meno yake ya chini, nikaandika tarehe ya kumwangalia tena baada ya miezi sita, na akaenda kuwahi gari la Mpunguzi kabla mtoto hajaamka.